Nyumba Nne za Tarehe Kumi na Nne

Seremala alikuwa mtu wa tatu kusema jambo lile lile, na hapo ndipo Koti alipofunga daftari lake.

"Walikuwa wawili," seremala alisema huku akipuliza unga wa mbao mezani. "Ovaroli za bluu, mmoja kashika spana ya bomba. Wakasema wamekuja kukagua mita. Sasa afande, mita iko nje ukutani, si unaiona? Wao wakataka kuingia ndani. Yule mrefu akachungulia chumbani, akamwona mke wangu kajilaza, akasema samahani mama, tumekosea nyumba. Wakapanda pikipiki yao, wakaenda."

"Mita hawakuiangalia?"

"Hata kuitupia jicho."

"Siku gani?"

"Alhamisi. Saa mbili asubuhi haijafika."

Mshonaji aliuawa Alhamisi hiyo hiyo, kabla ya saa tatu, kwenye chumba cha kupanga mitaa sita kutoka hapo. Alikutwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea cherehani, na tepu yake ya kupimia nguo imemzunguka shingo mara tatu. Daktari hakuhitaji kutafuta sana. Mshonaji alikuwa shahidi. Yeye na mdogo wake wa kike walimwona kwa macho yao mtu akimpiga mlinzi wa kiwanda kwa nondo mpaka mlinzi akaacha kusogea, na wote wawili walikubali kusimama mahakamani waseme ni nani.

Kesi ilibakiza siku tisa. Mkubwa keshazikwa. Mdogo alikuwa amefichwa nyumba nyingine, upande wa pili wa mji, na hakuwa ameambiwa lolote. Aliyempata dada mtu angeweza kumpata na mdogo. Koti hakuthubutu hata kumhamisha, maana hakujua siri imevuja kwa nani. Angemtoa shimo moja na kumtia jingine lenye tundu lile lile.

Kitengo chao cha kulinda mashahidi kilikuwa na kanuni. Mahali anapofichwa shahidi hapaandikwi. Karatasi inayokwenda masjala hubeba tarehe ya kuhama tu, kwa ajili ya mahakama. Nyumba yenyewe hukaa vichwani mwa watu wawili: mpelelezi aliyepewa kazi, na dereva. Hata Mkuu wa kitengo haambiwi.

Koti aliketi kwenye benchi la seremala bila kukaribishwa. Hilo jina la Koti alipewa na wenzake kwa sababu ya koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwa utosini. Wauaji waligonga milango mitatu isiyo yao kabla ya kufika kwa mshonaji: kwa mjane mmoja, kwa fundi redio, na hapa. Si mtaa mmoja. Si mwenye nyumba mmoja. Mjane anaishi peke yake, fundi redio ana watoto saba. Halafu hizo ovaroli, na hiyo spana.

"Maji yako yalifunguliwa lini?" aliuliza.

"Ya hapa? Tulihamia mwezi uliopita tu." Seremala aligeuza shingo. "Mama watoto! Ile karatasi ya maji uliiweka wapi?"

Karatasi ikaja, ina alama ya duara la kikombe. Tarehe kumi na nne, mwezi wa sita.

Koti alirudi kwa mjane, akaomba karatasi yake. Kumi na nne. Akaenda kwa fundi redio, ambaye aliitoa chini ya godoro. Kumi na nne. Ya mshonaji hakuwa na haja ya kuiomba. Aliyepeleka maombi ya maji yale, kwa jina la uongo, alikuwa yeye Koti mwenyewe.

*

Meneja wa ofisi ya maji alikuwa na jibu kabla ya swali.

"Mtu wako ni mmoja tu," alisema. "Makarani wote wanatumia fomu ya dirishani. Mwenye ufunguo wa kuingia kwenye kumbukumbu za wateja moja kwa moja ni mwanamke yule wa chumba cha nyuma. Nimeshamwandikia barua ya kumsimamisha."

"Kwa kosa gani?"

"Hilo ninyi mtalijaza."

Chumba cha nyuma kilikuwa na feni iliyokatika upanga mmoja, kwa hiyo ilizunguka ikichechemea. Mwanamke alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi la karatasi: kikombe, kanga, sufuria ya kuchemshia chupa za watoto. Ofisi nzima ilimwita Mama Pacha.

"Umekuja na pingu au na maswali?" alimuuliza Koti.

"Vyote viwili."

"Anza na maswali. Pingu hazina haraka."

Koti akamweleza. Kuna mtu alizitafuta nyumba zilizofunguliwa maji tarehe kumi na nne mwezi wa sita, akazipata, na mwanamke akafa. Anataka kujua nani alitafuta, na lini.

Mama Pacha aliweka kanga chini. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kubonyeza.

"Kila swali linaloingia humu, mashine inaliandika kwenye daftari lake," alisema. "Hii ni Jumatano iliyopita. Maswali elfu mbili na ushee. Unaona hizi alama za kuuliza?"

"Naziona. Kila mstari."

"Hayo ni ya dirishani. Karani anajaza fomu, fomu inapeleka swali. Penye alama ya kuuliza ndipo jina la mteja linapokaa, au namba ya mita. Daftari linaweka umbo la swali tu. Kilichojazwa haliweki."

"Basi hatuna kitu."

"Subiri, afande, usinikimbize. Mtu akikaa kwenye kiti hiki akaandika swali kwa vidole vyake, hana fomu ya kumbeba. Lazima aandike kitu chenyewe. Sisi tunakiita thamani halisi. Si jina la safu, si nafasi ya kujazwa. Ni kile anachokitafuta, kama kilivyo kichwani mwake. Na daftari linakiweka hivyo hivyo, pamoja na makosa yake."

Aliiambia mashine iache maswali yote yenye alama ya kuuliza. Elfu mbili na ushee zikayeyuka kwenye kioo. Ikabaki mistari mitatu.

Saa sita na dakika sita mchana. Saa sita na dakika nane. Saa sita na robo. Yote mitatu ilitaka kitu kimoja: nipe nyumba ambazo maji yake yalifunguliwa siku hii. Mama Pacha alisoma wa kwanza, akacheka kwa pua.

"Huyu kaiacha tarehe uchi."

"Uchi vipi?"

"Tarehe inavishwa alama za nukuu, huku na huku. Angalia alivyoandika." Kidole chake kilipita chini ya 2018-06-14. "Ikiwa hivi mashine haioni tarehe. Inaona hesabu ya kutoa. Elfu mbili kumi na nane, toa sita, toa kumi na nne."

"Elfu moja mia tisa tisini na nane," Koti alisema.

"Umepata. Mashine ikaenda kutafuta nyumba iliyofunguliwa maji siku inayoitwa hivyo. Hakuna. Haya, mara ya pili akakumbuka nukuu, lakini akaanza na siku, akatia na mikwaju, vile vistari vya mshazari. Mashine hii ikiona mikwaju inasoma mwezi kwanza. Mwezi wa kumi na nne haupo, ikamfokea. Mara ya tatu ndio akapatia. Nyumba nne."

Koti alizisoma kwenye kioo. Mjane, fundi redio, seremala, mshonaji. Kwa mpangilio ule ule waliogongewa.

"Swali limeingia kwa ufunguo wako," alisema.

"Limeingia kwa ufunguo wangu."

"Basi?"

"Basi nini? Haya majedwali nimeyajenga mimi, huu mwaka wa saba. Tarehe naiandika nikiwa usingizini, na pacha mmoja kila titi. Nikose mara mbili?"

"Mtu mwerevu anaweza kukosa makusudi."

"Anaweza. Ila mtu mwerevu angefuta mistari yote mitatu akaenda zake. Mwenye ruhusa ya kufuta humu ni mimi peke yangu. Mbona ipo?"

Feni ilichechemea. Koti alitoa pingu mfuko wa kulia, akazitia wa kushoto, kama mtu anayetafuta funguo.

"Jumatano saa sita ulikuwa wapi?"

"Kila siku saa sita niko nyumbani, nanyonyesha. Ni hapo nyuma ya tangi. Narudi saa saba."

"Na kiti chako?"

Mama Pacha aliupapasa mkono wa kiti. Ilionekana jibu lipo, ila halimpendezi.

"Anakaa Kilomita," alisema. "Mashine huwa naiacha wazi. Foleni ikikwama dirishani, wanahitaji mtu hapa."

*

Kilomita alikuwa msoma mita. Miaka thelathini alitembea nyumba hadi nyumba na taa yake ya mfukoni, mpaka goti la kulia likagoma, wakamwingiza ofisini na kumpa mafunzo ya wiki moja. Alikuja akijishika ukutani, nywele zote nyeupe, uso mkunjufu.

"Jumatano mchana," Koti alisema, "nyumba za tarehe kumi na nne. Ni wewe?"

"Ni mimi." Hakusita hata kidogo. "Ilinitoa jasho kweli, lakini nilipata mwenyewe bila kumsumbua mama huyu. Kwani kuna ubaya? Polisi waliuliza, nikawajibu."

"Polisi gani?"

"Wenu. Alipiga simu ya mezani. Mzee mmoja mtaratibu, sauti ya chini. Akasema kuna mwizi wa mita wanamfuatilia, ila jina hawana, mtaa hawana. Wanajua tu siku aliyofunguliwa maji. Akaniita mwanangu." Kilomita alitabasamu. "Mimi na mvi zangu hizi. Nikaona raha bwana."

"Akakupa tarehe tu?"

"Tarehe tu."

"Ukamsomea nyumba."

"Zote nne, kama zilivyojipanga kwenye kioo."

"Ile ya nne uliyomsomea, alikuwa anakaa mwanamke. Alhamisi asubuhi aliuawa."

Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale usoni halina kazi. Kilomita alitafuta kiti kwa mkono, akakaa, goti limenyooka mbele.

"Yule aliyetangazwa redioni?" aliuliza. "Fundi wa nguo?"

"Huyo."

"Mita yake niliijua. Iko upande wa jua." Akajifuta mdomo. "Afande. Leo kapiga tena."

Mama Pacha alikuwa ameshageukia mashine. Vidole vyake vilikwenda haraka, halafu vikasimama.

"Leo saa sita na dakika ishirini," alisema. "Tarehe ishirini na mbili, mwezi wa sita. Mara moja, bila kosa."

"Nilikuwa nimeshajua namna," Kilomita alisema kwa sauti ndogo.

Koti hakuuliza nyumba ngapi. Aliinama kwenye kioo, akahesabu mwenyewe. Tano. Ya tatu ndimo alimomweka mdogo wa mshonaji. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini na tano.

"Zitoe kwenye karatasi," alimwambia Mama Pacha. "Halafu zima hiyo mashine, na huyu mzee asishike simu yoyote."

"Na pingu?"

"Nimeshasahau niliziweka mfuko gani."

*

Dereva alikuwa amelala kwenye usukani nje. Koti aliingia, akamwekea karatasi juu ya paja.

"Ya tatu. Redio usiiguse."

Nyumba ya kwanza waliipita bila kusimama. Muuza mkaa alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kiunoni, akitazama upande wa pili wa barabara, namna mtu anavyotazama wageni waliokwisha kuondoka. Nyumba ya pili, pikipiki nyekundu iliegemezwa ukutani. Mwenye ovaroli alikuwa ndani ya uzio, mgongo tu ulionekana.

"Tuwachukue?" Dereva aliuliza.

"Wako wawili, na hatujui wamebeba nini. Msichana kwanza."

Walimkuta uani, anaanika nguo. Koti alimwambia avae viatu.

"Nibadili gauni?"

"Hivyo hivyo."

Alilazwa kwenye sakafu ya gari nyuma ya viti, Koti akavua koti lake akamfunika. Dereva, aliyefanya naye kazi miaka minane, hakuwahi kumwona bila koti. Aliondoa gari taratibu mpaka kwenye kona, ndipo akalikanyaga.

"Dada naye yuko gari lingine?" sauti ilitoka chini ya koti.

Koti alitazama mbele.

"Dada yako hayupo tena, mama. Wamemuua. Alhamisi."

Walipita taa mbili na daraja.

"Leo Jumatatu," sauti ikasema.

"Ndiyo."

"Siku nne hizi zote nilikuwa nampangia ya kumwambia."

Dereva alibadilisha gia bila sababu.

"Sasa unanipeleka wapi?" aliuliza baadaye. "Kwa wale wale?"

"Kwa sasa sikushushi popote," Koti alisema. "Mpaka nijue ni nani." Akamgeukia Dereva. "Aliyempigia msoma mita ni wa kwetu. Alikuwa na tarehe, nyumba hakuwa nayo. Wewe nyumba unaijua."

"Ahsante kwa kuniondoa kwenye lawama."

"Sijakuondoa mimi. Usingehitaji kuuliza. Wanaojua tarehe bila nyumba ni wawili, Mkuu na Mzee wa Masjala, na wote wanajua maji hufunguliwa siku ya kuhama."

"Basi Mkuu," Dereva alisema. "Tangu zamani simpendi."

"Mshonaji tulimhamisha tarehe ngapi?"

"Kumi na sita. Si tulikesha gereji na lile boksi la gia? Tulipanga kumi na nne, tukaondoka kumi na sita."

"Na Mkuu nilimpigia simu kutoka gereji. Anajua kumi na sita. Angekuwa yeye, angempa msoma mita kumi na sita, na mshonaji asingekuwemo kwenye hizo nyumba. Aliyepiga alisema kumi na nne. Kumi na nne hakuhama mtu. Ipo sehemu moja tu duniani, kwenye karatasi niliyoipeleka masjala kabla gari halijaharibika. Sikwenda kuisahihisha."

Dereva aliliwaza hilo mpaka kwenye mzunguko wa barabara.

"Lakini maji yalifunguliwa kweli kumi na nne. Kwa nini, na sisi hatukuwepo?"

"Fundi bomba alikuwa ameshapangiwa. Nilitakiwa nimpigie asogeze siku."

"Hukumpigia?"

"Sikumpigia."

Laiti angepiga, swali la Kilomita lingerudi na nyumba tatu: mjane, fundi redio na seremala. Dereva hakulisema hilo, wala haikuwa lazima. Msichana alikuwa anasikia kila neno.

"Nishushe makao makuu," Koti alisema. "Wewe zunguka. Usisimame mahali zaidi ya dakika tano, na akitaka maji umnunulie wewe, asishuke."

*

Alipitia kwanza mlango wa Mkuu. Hakukaa. Aliweka karatasi ya Mama Pacha mezani na kidole kwenye mstari wa tano: kibanda cha kinyozi walichokipita njiani, maji yamefunguliwa, kazi haijaanza, hakuna mtu. Mkuu aliuliza maswali mawili, akainua simu, akaagiza askari wanne wenye silaha wakae ndani ya kibanda hicho na mlango usifungwe. Kisha akauliza la tatu.

"Una hakika si mimi?"

"Ungekuwa wewe, mkuu, mshonaji angekuwa hai."

Masjala ilikuwa mwisho wa korido. Mzee wa Masjala alikuwa nyuma ya meza yake, anafunga mafaili kwa utepe, fundo moja baada ya jingine, yote sawa. Ndiye aliyemfundisha Koti kujaza fomu, miaka hiyo Koti bado ana kiuno.

"Karibu mwanangu. Leo umevua koti? Unaumwa?"

"Nimemwazima mtu. Mzee, mshonaji tulimhamisha lini?"

"Kumi na nne, mwezi wa sita." Hakugusa faili. "Nikutolee?"

"Dereva anasema kumi na sita. Mkuu anasema kumi na sita. Mimi niliyembebea cherehani nasema kumi na sita."

"Basi karatasi imekosea. Tutairekebisha."

"Nani mwingine anasema kumi na nne, unamjua? Msoma mita wa ofisi ya maji. Anasema aliambiwa na mzee mtaratibu aliyemwita mwanangu."

Mkono wa mzee ulimaliza fundo lililokuwa limeanzwa. Ukaliweka faili juu ya mengine, ukalinyoosha kingo.

"Nilitoa tarehe tu," alisema. "Mahali sikupajua. Tarehe si mtu."

"Umewapa na ishirini na mbili."

"Ijumaa uliniletea barua kwamba mdogo atasimama peke yake. Nilidhani bila mkubwa kesi imekwisha. Mtuhumiwa ni mkwe wangu, mwanangu. Binti yangu ana wanne kwake, wa mwisho hajaota meno. Ulitaka nifanyeje, nilifunge faili la baba yao kwa utepe huu?"

"Ulikuwa na binti yako. Yule naye alikuwa na mdogo wake."

Mzee alitazama dirishani. "Yuko hai?"

"Kwa sasa. Ila sina pa kumlaza leo, wale wawili wakiwa barabarani."

Simu ya mzee, ndogo, imefungwa kwa mpira wa bendi, ilianza kutetemeka juu ya mafaili. Koti aliifikia kwanza, akabonyeza sauti isikike chumbani, akaishika katikati yao. Hakusema neno.

"Ya tatu chumba kitupu," kijana alisema upande wa pili, anahema. "Nguo zinachuruzika kwenye kamba, mwenyewe hayupo. Twende wapi?"

Koti alikuwa ameshaandika kwenye jalada la faili: YA NNE RUKENI. NENDENI YA TANO.

Mzee alisoma. Akauliza kwa midomo, bila sauti: mtawapiga risasi? Koti naye akajibu kwa midomo: wakiinua mikono, hapana.

"Mzee, uko hapo?"

"Nipo," Mzee wa Masjala alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya taratibu, sauti ambayo mtu angeipa chochote anachoombwa. "Ya nne rukeni, ina familia. Nendeni ya tano. Kibanda cha kinyozi. Mlango uko wazi, ingieni tu."

Simu ikakatika. Koti alitazama saa yake. Kwa pikipiki, dakika kumi.

"Umefanya vizuri," alisema.

Mzee alikuwa amekunja utepe kwenye vidole viwili, anaukunjua, anaukunja tena.

"Yule mrefu ni mwanangu wa mwisho," alisema. "Alitaka kumsaidia shemeji yake. Tangu mdogo huyo hajui kuinua mikono kwa mtu. Mwalimu alimchapa mpaka akachoka mwalimu." Akanyoosha kiganja juu ya meza. "Nipe simu nimwambie hilo tu. Ainue mikono. Neno moja, mwanangu, mbele yako."

Koti aliwaza neno moja ni nini kwa mtu aliyeua mmoja na kumwinda wa pili kwa tarehe mbili tu. Aliwaza gari lililokuwa linazunguka, na aliyelala sakafuni mwake.

Alizima simu. Kwa mazoea akaipeleka kwenye mfuko wa koti ambalo hakuwa nalo, mkono ukakosa, akabaki ameishika. Wakakaa hivyo wawili, wakisubiri dakika kumi ziishe.